Jinsi ya kutengeneza bango la sheria za usalama kwa projekti ya shule, na watu walisome kweli

Basi projekti imetangazwa, kila grupu ilete bango la sheria za usalama wiki ijayo, na kinachofuata kinajulikana: mmoja anatumwa dukani kununua manila, mwenye mwandiko mzuri anapewa maka, alafu usiku wa mwisho mnaingia Google mnanakili sheria kumi na mbili za shule fulani ya Marekani, mnachora maua pembeni, kazi imeisha. Mwalimu anaweka alama, bango linakaa ukutani, na hakuna anayejua sheria ya tano inasema nini, hata yule aliyeiandika.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda uanze mwaka 2020 hizi projekti zimekuwa nyingi kweli, na hela ya manila inatoka kwa mzazi, kwahiyo afadhali mfanye kitu cha maana. Mimi niko huku Arua, mifano yangu mingi itakuwa ya huku, ila uwe Jinja, Kasese au Gulu njia ni ileile. Na kazi kubwa wala sio kuchora. Sheria ya kwenye bango inatakiwa iwe kitu ambacho anayeisoma anaweza kukifanya palepale alipo, leo hii, bila kwenda kumuuliza mtu. Ukiandika "Kuwa mwangalifu" hujaandika sheria, umeomba dua.

Kwanza mzunguke shule

Msinunue chochote bado. Chukueni daftari na kalamu mzunguke shule asubuhi watoto wakiingia, saa ya uji, na jioni wakati wa kutoka. Msitafute hatari, tazameni tu watu wanafanya nini. Mtaona P.3, yaani darasa la tatu la msingi, wanavyosukumana kwenye foleni ya uji huku sufuria iko juu ya mafiga inatokota, mtaona nani anapita nyuma ya jiko kwa njia ya mkato, mtaona boda zimejipanga mbele ya geti lenyewe mpaka mtoto akitoka haoni barabara. Andikeni sehemu na saa. Alafu mkaongee na mpishi, askari wa geti na matroni kama shule ina bweni. Hedimasta mwacheni kwanza, yeye atawapa hotuba. Mpishi ndo atawaambia muhula uliopita nani aliungua na alikuwa amesimama wapi, na hicho ndo mnakitafuta, alikuwa amesimama wapi.

Mkirudi mtakuwa na orodha ndefu. Chagueni kitu kimoja. Najua mtabisha, kila grupu inabisha, inataka barabara na moto na umeme na nyoka na maji machafu vyote kwenye manila moja, sasa matokeo yake herufi zinakuwa ndogo kama za gazeti na mtu anapita tu. Kama mna mambo matano na darasa lina magrupu matano si mgawane.

Tufanye mfano wa radi

Nachukua radi kwasababu huku kwetu sio hadithi. Agosti 2020 watoto 10 walikufa hapa Arua, walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kibanda cha nyasi, radi ikapiga. Na Juni 2011 kule Kiryandongo wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya waliuawa na radi wakiwa shuleni. Hebu yaangalieni hayo matukio mawili kabla hamjaandika neno. La kwanza linasema kibanda cha nyasi hakiokoi mtu, la pili linasema kuwa shuleni peke yake hakutoshi. Kwahiyo ile sheria ambayo kila grupu ingeandika, "Mvua ikinyesha jikinge", ni mbaya, kwasababu wale watoto walijikinga. Walijikinga mvua.

Ndo maana kabla ya maka kuna kuuliza. Nendeni kwa mwalimu wa fizikia, mambo ya radi yamejaa maneno ya mtaani, eti nguo nyekundu inavuta radi, eti funika kioo, eti aliyepigwa usimguse ana umeme mwilini. Hili la mwisho linaua watu. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme wowote, unamgusa vizuri tu, na kama hapumui anatakiwa asaidiwe hapohapo na apelekwe hospitali, sio kuzungukwa na watu wanamtazama. Nguo nyekundu radi haina habari nayo kabisa. Inachopenda ni kitu kirefu kilichosimama peke yake, mti, mlingoti wa bendera, goli la chuma, au wewe mwenyewe katikati ya uwanja.

Ile hesabu ya sekunde mnaijua labda, sauti inatembea kilomita 1 kwa kama sekunde 3, kwahiyo ukiona mwanga ukahesabu mpaka 9 ndo ngurumo inasikika, radi imepiga kilomita 3 kutoka ulipo. Ni nzuri kwa darasa la fizikia, ila kwenye bango msiiweke. Radi inaweza kupiga hata kilomita 10 mbele ya mvua, sehemu ambayo jua bado linawaka, sasa mtoto akihesabu akapata kilomita 6 atasema iko mbali atarudi kucheza. Ukweli ambao P.4 anaweza kuutumia ni mfupi, ukisikia ngurumo basi radi iko karibu ya kutosha kukupiga. Na ikiisha unasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, hapa ndo watu wengi wanapatwa, mvua imekatika wanakimbilia mpira.

Sasa andikeni. Mimi ningeandika hivi:

Ukisikia ngurumo, acha mpira, ingia darasani.
Mwembe sio mwavuli, kibanda cha nyasi sio nyumba.
Kaa katikati ya darasa, mbali na ukuta na nondo za dirisha.
Ngurumo ya mwisho ikipita, subiri dakika 30.

Nne tu. Nimeandika mwembe kwasababu shule nyingi za huku zina mwembe uwanjani na ndo watu wanakimbilia, kama kwenu ni mvule au mkaratusi andikeni huo huo, mtoto aone ni mti wake unaosemwa. Mpira pia nimeutaja makusudi. Sheria ikitaja kitu ambacho mtoto anakishika au anakiona, anaikumbuka. Na mtaona hakuna "usi" hata moja mwanzoni, zinasema fanya nini, ile ya pili tu ndo inasema wapi sio pa kujikinga. Sio kwamba "usi" ni haramu, kuna mahali inafaa, lakini mtoto ukimwambia usisimame chini ya mti bila kumwambia aende wapi atasimama chini ya ukingo wa paa.

Na hapa muwe wakweli. Darasa la matofali na mabati lisilo na kinga radi sio salama asilimia mia, ni afadhali kuliko mti na kibanda, ndo maana sheria ya tatu ipo, maana radi ikipiga jengo inatafuta njia ya kuteremka kwenye ukuta na vyuma. Kama shule yenu haina ile fimbo ya chuma juu ya paa na waya unaoteremka mpaka ardhini, bango la watoto haliwezi kuliziba hilo pengo.

Hiyo sheria ni ya nani?

Hili jambo naona magrupu mengi yanaliruka, na walimu pia. Kuna hatari ambazo mwanafunzi hawezi kuzifanyia kitu, mwenye uwezo ni mtu mzima. Kinga radi ni ya kamati ya shule. Boda zinazoziba geti ni za wenye boda. Mlango wa bweni unaofungwa kwa nje na kufuli usiku ni wa matroni na mwenye shule, na nchi hii tumeshazika watoto wa kutosha kwa moto wa bweni, sio jambo la kuandika "Wanafunzi msiwashe mishumaa" alafu kufuli inabaki ilivyo. Kwahiyo muulizane kwa kila sheria, nani anatakiwa asome hii? Ikiwa ni matroni, tengenezeni bango dogo la A3 la kwake, "Usiku mlango ufunguke kwa ndani", libandikwe upande anaouona yeye. Kwa wenye boda andikeni kibao cha getini. Kwa kamati andikeni barua ya ukurasa mmoja muiambatanishe na projekti. Mwalimu mwenye akili atatoa alama nyingi kwa barua kuliko kwa maua.

Namba za simu wekeni chini kabisa, kubwa: polisi ni 999 au 112, na laini ya watoto ni 116.

Kama mmechagua barabara, angalieni hii

Picha za intaneti nyingi zinatoka nchi ambazo gari zinapita kulia, kwahiyo mtoto kwenye picha anatazama kushoto kwanza. Uganda tunaendesha kushoto. Unapokanyaga ukingo wa barabara gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako, kwahiyo ni kulia, kushoto, alafu kulia tena ndo unavuka. Mkinakili ile picha bila kufikiri mmefundisha watoto kugongwa. Huku kwetu mpakani ni mbaya zaidi, Kongo wanaendesha kulia na Sudan Kusini pia, Rwanda pia kwa watu wa Kabale, sasa mtoto anayevuka mpaka kwenda kwa shangazi yake amezoea pande zote mbili. Shule za karibu na mipaka ya Vurra au Elegu au Katuna zichore kabisa mshale mkubwa, "Hapa Uganda, kulia kwanza".

Na boda. Kila mtu anaandika "Vaa helmeti", sawa, ila mtoto hana helmeti na dereva hana ya pili. Kitu ambacho mtoto anaweza kufanya asubuhi ya kesho ni kupanda na kushukia upande wa kushoto. Kushoto ndo kuna ukingo wa barabara, kulia ndo kuna magari, na pikipiki nyingi za boda bomba la moshi liko kulia, wale wenye kovu kwenye mguu wa kulia mnalijua. Sheria moja ya maneno manne, "Boda shukia upande wa kushoto" haya basi matano, inazuia kugongwa na kuungua. Sheria za namna hiyo ndo za kuzitafuta, na hauzipati mezani, unazipata ukisimama getini saa kumi na moja jioni.

Rangi zina maana yake

Kuna utaratibu wa kimataifa wa alama za usalama na ni rahisi. Duara jekundu lenye mstari wa kukata kutoka juu kushoto kwenda chini kulia ni kukataza. Duara la bluu na mchoro mweupe ndani ni lazima ufanye. Pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi ni tahadhari, kuna hatari hapa. Kijani ni njia ya kutokea, huduma ya kwanza, mahali salama, yule jamaa wa kijani anayekimbilia mlangoni, wazo la Mjapani Yukio Ota la miaka ya 1970, ndo huyo. Mraba mwekundu ni vifaa vya kuzima moto. Mkizifuata hizi hata asiyejua kusoma anaelewa, na mkichanganya mnaharibu, nimeshaona pembetatu ya kijani imeandikwa HATARI.

Tahadhari nyingine, ile pembetatu ya njano yenye mshale wa radi mnayoiona kwenye transfoma maana yake ni umeme wa nyaya, sio radi ya mvua. Kwa bango letu chora wingu na mwembe na mtu anayekimbia kuelekea darasani. Mtu awe na mwili wa vijiti, hakuna shida, ilimradi anaonekana anakimbilia wapi.

Sasa ndo manila

Nunueni moja ya njano hafifu au nyeupe na maka tatu, nyeusi, nyekundu na bluu au kijani kulingana na mada. Njano juu ya nyeupe haisomeki, msijisumbue. Maka zile zisizofutika zinapenya karatasi mpaka meza ya watu, wekeni gazeti chini.

Ukubwa wa herufi una hesabu yake ya kukadiria: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5. Kama bango litasomwa na aliyekaa nyuma ya darasa, mita 9 hivi, kichwa cha habari kiwe sentimita 7 mpaka 8. Sheria zenyewe watu watazisoma wakiwa wamekaribia, mita 3, basi sentimita 2.5 inatosha. Chukua manila yenye upana wa sentimita 60, toa sentimita 3 kila upande, zimebaki 54, herufi ya urefu huo na nafasi yake inakula kama sentimita 2, zinaingia herufi 27 kwa mstari. Hesabu maneno hapo, ni manne, matano yakiwa mafupi. Kwahiyo sheria ndefu itakula mistari mitatu na nafasi ya picha itaisha. Herufi kubwa zote ziwe kwenye kichwa tu, sheria ziandikwe kawaida, zinasomeka haraka zaidi.

Pigeni mistari kwa penseli na rula, andikeni yote kwa penseli kwanza, aliye na mwandiko aandike, asiye na mwandiko ahakikishe spelling, alafu ndo maka. Penseli mnaifuta maka ikikauka kabisa, ukiharakisha inachafuka. Picha wekeni upande wa kushoto wa kila sheria, sio zote chini.

Kama hela ya manila hakuna, boksi la sabuni au la biskuti lililofunguliwa ni zuri na gumu zaidi, upande wa ndani. Mkaa unachora mistari minene vizuri ila unafutika, kwahiyo upitishie maka juu. Gundi pikeni wenyewe, unga wa muhogo kijiko kikubwa kimoja, maji ya baridi kidogo ukoroge usiwe na madonge, alafu uongeze maji ya moto ukikoroga motoni mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Pakeni nyembamba, ukipaka nene panya na mende watakula bango lenu kabla ya alama. Wenye simu nzuri wanaweza kutumia Canva, ile programu ya kutengeneza mabango, na kuchapisha A3, sawa, ila kwa Kampala mtu akienda Nasser Road kwa wachapishaji akumbuke kusema wasiongeze mapambo, wale jamaa mabango yao yanapendeza sana na hawajui kuacha nafasi tupu.

Lugha gani

Tangu mtaala wa 2007, P.1 mpaka P.3 wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani, kwahiyo Kiingereza cha bango hakiwafikii wadogo. Huku ningeweka Kilugbara na Kiswahili, mtaani na sokoni Arua Kiswahili kinaenda vizuri tu, na askari wa geti naye atasoma. Msiweke lugha tatu kwa kila sheria, nafasi hakuna. Picha ifanye kazi ya lugha ya tatu. Neno la Kilugbara muulizeni mzee, msitunge.

Mjaribu kabla ya kubandika

Mwiteni mtoto wa P.2 au P.3 ambaye hahusiki na projekti, mwonyesheni bango kama sekunde tano, ligeuzeni, alafu muulizeni "ukisikia ngurumo utafanya nini?" Msimsaidie. Akijibu "nitaingia darasani" mmefaulu. Akijibu "kuna mtu anakimbia mvua" picha imeshindwa, ichoreni upya, darasa lionekane ni darasa, liwe na mlango na paa la mabati. Alafu mpeni mpishi asome kwa sauti, akijikwaa kwenye neno badilisheni neno.

Kubandika na kuwasilisha

Bango liende pale ambapo uamuzi unafanyika. La radi kwenye ukuta unaotazama uwanja, la boda kwa ndani ya geti ambapo mtu anatoka, la uji kwenye foleni. Ofisi ya walimu sio mahali pa bango la watoto hata kama hedimasta analitaka kwa wageni. Urefu wa macho ya msomaji, kwa P.3 ni chini sana kuliko mnavyofikiria, pigeni magoti mwone. Liwe chini ya veranda, jua linakula rangi nyekundu mapema kuliko nyeusi, na baada ya muda duara la kukataza linakuwa la waridi. Funikeni kwa nailoni safi na selotepu pande zote, chini muache upenyo mdogo maji yasituame ndani.

Siku ya kuwasilisha msisome bango, wenzenu wanaliona. Elezeni mlisimama wapi, mliona nini, sheria gani mliitupa na kwanini. Ile ya "Mvua ikinyesha jikinge" ileteni kama mfano wa mliyoitupa, na barua ya kamati kuhusu kinga radi mpeni mwalimu mkononi, nakala moja ibaki na nyinyi, imeandikwa tarehe na kusainiwa na grupu nzima. Kamati ikikaa muulizeni katibu kama imesomwa.